Walimu wa Kiswahili wa Berlin

Kila chuo kinachotaka kufundisha kwa lugha mbili hukutana na swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni hili: walimu watatoka wapi? Vitabu vyaweza kupigwa chapa, na nyumba ya kusomeshea yaweza kujengwa kwa miezi michache. Lakini mwalimu aliyezaliwa ndani ya lugha hana budi kuitwa kutoka kwao, apewe mkataba, asafirishwe, na apewe cheo mbele ya wageni. Katika hayo, la cheo ndilo ambalo watu hulifikiri mwisho, na ndilo lenye matata zaidi.

Nataka kulitazama jambo hilo kwa mfano mmoja wa zamani unaotuhusu sana sisi tunaosoma na kusomesha Kiswahili, yaani mfano wa walimu waliotolewa pwani yetu kwenda kufundisha Berlin kuanzia mwaka 1889. Majina yao hutajwa mara kwa mara katika historia ya maandishi ya Kiswahili. Lakini aghalabu hutajwa kama waandishi tu, na ni mara chache tukiulizana waliajiriwa kwa kazi gani, na kwa heshima gani.

Chuo cha Lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin mwezi wa Oktoba mwaka 1887, chini ya Chuo Kikuu cha mji huo, kwa mapatano ya serikali ya Dola ya Ujerumani na serikali ya Prussia. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Eduard Sachau, mwanachuoni wa lugha za Kiarabu na Kisiria. Kusudi la Bismarck na washauri wake halikuwa elimu kwa ajili ya elimu. Walitaka wakalimani kwa balozi zao za Mashariki, na baada ya muda mfupi wakataka pia mabwana shauri, maofisa wa jeshi, wafanya biashara na wamisionari walioweza kusema na watu wa makoloni mapya. Kwa hiyo Kiswahili kiliwekwa mapema katika ratiba pamoja na Kiarabu, Kituruki, Kiajemi, Kichina na Kijapani.

Mpango wa kufundisha ulikuwa wa namna ya pekee. Kila lugha ilipewa, kadiri ilivyowezekana, walimu wawili. Wa kwanza alikuwa Mjerumani, ambaye kazi yake ilikuwa kueleza sarufi kwa lugha ya wanafunzi wake. Wa pili alikuwa mwenyeji wa lugha yenyewe, nasi twaweza kumwita msomeshaji. Huyu alisoma nao maandishi, akawazoeza mazungumzo, akawasahihisha matamshi. Kwa upande wa ufundishaji mpango huu ulikuwa na hekima kubwa. Mgeni anayejifunza lugha hukwama mahali pawili: hukwama asipoelewa kanuni, na hukwama asiposikia sauti. Mtu mmoja ni nadra kumvusha pote pawili.

Katika Kiswahili haja ya mtu wa pili ilikuwa kubwa zaidi. Mwalimu wa kwanza wa Kijerumani alikuwa Carl Gotthilf Büttner, mmisionari ambaye kazi yake ya Afrika aliifanya katika nchi ya Waherero, kusini magharibi ya bara, wala si katika pwani yetu. Alikuwa mtu wa bidii nyingi, na kamusi yake ya mwaka 1890 ni ushahidi. Lakini kitabu hakimfundishi mtu tofauti ya dhahabu na zahabu, wala ya ng'ombe na ngoma, mpaka asikie kinywa cha mwenyewe. Tena barua za watu wa pwani siku zile ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, pasipo alama nyingi ambazo Kiswahili kinazihitaji, hata neno moja likaweza kusomeka kwa njia mbili au tatu. Aliyeijua lugha alilisoma bila kusita. Asiyeijua alibaki akibahatisha. Ofisa aliyetumaini kusoma barua ya liwali au ya akida alihitaji mtu wa kukaa naye na kumwonyesha. Mkusanyo wa barua kama hizo alioutoa Büttner mwaka 1892, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo, unatuonyesha jinsi jambo hilo lilivyochukuliwa kwa uzito.

Basi walitafutwa watu. Wa kwanza kujulikana ni Sleman bin Said, aliyetoka Unguja na kufundisha Berlin tangu mwaka 1889 mpaka mwaka 1891. Akafuatwa na Amur bin Nasur, Mwarabu wa ukoo wa Oman aliyekuwa mtu wa Unguja, ambaye alikaa hadi mwaka 1895. Wote wawili hawakuishia kusahihisha matamshi. Waliandika, na maandishi yao yamo katika mkusanyo mkubwa wa fasihi ya Kiswahili ambao Büttner aliutengeneza, ukatoka mwaka 1894, baada ya kufa kwake. Humo Amur bin Nasur alieleza habari za maisha yake na za kukaa kwake Ulaya. Kwa hiyo twapata, katika siku za mwanzo kabisa za nathari ya Kiswahili iliyopigwa chapa, Mswahili akiutazama mji wa Wazungu kwa macho yake mwenyewe. Jambo hilo halikuwa katika mkataba wa mtu yeyote. Limetokea kwa sababu mwalimu, akiombwa kutoa maneno ya kusomesha, hutoa pia fikira zake.

Hapa yafaa tulinganishe. Katika chuo hichohicho, miaka ya 1887 hadi 1890, msomeshaji wa Kijapani alikuwa Inoue Tetsujirō, kijana aliyepelekwa Ulaya kusoma falsafa. Aliporudi kwao mwaka 1890 alifanywa profesa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akawa mmoja wa wanafalsafa mashuhuri wa nchi yake. Msomeshaji wa Kiarabu wa siku zile alikuwa Hasan Tawfiq al-Adl wa Misri. Naye alirudi Cairo akasomesha katika Dar al-Ulum, na baadaye akaitwa Cambridge. Kazi yao Berlin ilikuwa sawa na ya Sleman na Amur: kusoma, kuzungumza, kusahihisha. Lakini kwa Mjapani na Mmisri kazi hiyo ilikuwa daraja moja katika ngazi. Nyuma yao zilikuwako serikali zilizowatambua, na vyuo vilivyowangoja. Nyuma ya mwalimu wa Kiswahili hapakuwa na chuo kikuu wala wizara. Palikuwa na msikiti, na vyuoni mwa pwani palikuwa na masheikh wenye ilimu pana ya dini, ya sheria na ya mashairi. Lakini ilimu hiyo haikutoa cheti ambacho Berlin ingeweza kukisoma. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwa watu, na kwao hapakuwa na wa kuwatunza.

Matokeo yake twayaona wazi katika habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo, akasoma Kurani na sheria, akasafiri bara na misafara. Alifika Berlin mwaka 1900. Mwalimu wa Kijerumani wakati huo alikuwa Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali katika Afrika ya Mashariki kabla ya kuanza kusomesha chuoni mwaka 1896. Ushirika wa watu hawa wawili ulizaa matunda ambayo mpaka leo hatuwezi kufanya kazi bila hayo. Mwaka 1901 kilitoka kitabu cha Safari za Wasuaheli, ambamo Mtoro ameandika safari yake ya Udoe na Uzigua. Mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro: kuzaliwa na kulea, jando na unyago, ndoa na talaka, ngoma, biashara, utumwa, mashamba, hukumu, mauti na matanga. Mwanafunzi wa historia ya pwani anayetaka kujua watu walikaaje kabla ya vita ya kwanza ya dunia hana mlango mwingine ulio mpana kama huu.

Lakini tutazame jalada. Jina lililowekwa mbele kwa kitabu hicho ni la Velten. Kwa sheria na mazoea ya chuo chao, neno la Mswahili lilihesabiwa kuwa mali ghafi, kama mpira au nazi kavu, na kazi ya Mjerumani ya kulikusanya na kulifasiri ndiyo iliyoitwa elimu. Miaka 78 ilipita kabla ya Desturi kutoka kwa Kiingereza, mwaka 1981, katika tafsiri ya J. W. T. Allen, iliyolitaja jina la Mtoro waziwazi kuwa mwenye maneno. Mtoro alikuwa amekwisha kuzikwa tangu mwaka 1927.

Si jina la kitabu tu lililomponyoka. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, kwa ndoa halali. Katika darasa lake walikaa vijana waliokuwa wakijiandaa kwenda kutawala nchi aliyotoka yeye, na wako waliochukia kufundishwa na mtu mweusi. Dharau yao ikawa ugomvi, na mwaka 1905 Mtoro akaacha kazi. Akasafiri na mkewe kurudi Afrika ya Mashariki, wakati Gavana alikuwa Götzen. Na serikali ya koloni ikawakatalia kushuka wakakae humo kama mume na mke. Wakarejea Ujerumani. Yatupasa tulifikiri jambo hili taratibu. Mtu aliyewafundisha watawala maneno ya kubisha hodi katika nyumba za watu alizuiliwa kuingia kwao mwenyewe.

Tangu mwaka 1909 mpaka mwaka 1913 alifanya kazi Hamburg, katika Chuo cha Makoloni kilichoanzishwa mwaka 1908, akiwa msaidizi wa lugha chini ya Profesa Carl Meinhof. Baada ya hapo alirudi Berlin, akajipatia riziki kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika, hata akafa huko. Katika muda wa robo karne Ulaya hakupata kamwe cheo kilicholingana na alichokijua.

Yuko atakayesema kwamba nawahukumu watu wa zamani kwa mizani ya leo, na kwamba bila Büttner na Velten maandishi haya yasingalikuwako. Neno la pili ni kweli, wala simnyimi mtu haki yake. Velten alijua thamani ya alichokipata, na alikihifadhi katika Kiswahili chenyewe badala ya kutoa tafsiri peke yake. Kwa hilo tuna deni kwake. Lakini neno la kwanza silikubali. Mizani ya kumpima msomeshaji kwa elimu yake ilikuwako palepale Berlin, siku zilezile: wasomeshaji wa Kijapani na Kiarabu walipimwa kwayo. Kilichokosekana kwa Mswahili si maarifa, bali ni chuo cha kwao cha kuyathibitisha maarifa hayo.

Kwa sababu hiyo naona kwamba tarehe kubwa katika historia ya walimu wa Kiswahili wa ng'ambo haziko Ulaya. Ziko hapa: mwaka 1964, ilipoundwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1967, lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kikuu kamili na Kiswahili kikapata idara yake. Tangu hapo mwalimu anayekwenda kusomesha ng'ambo aweza kuchukua shahada aliyoipata kwa kuisoma lugha yake kwa lugha yake, na akirudi aweza kukuta kiti chake.

Leo vyuo vikuu vya mabara mengi vyasomesha Kiswahili, na baada ya UNESCO kuitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake, mwaka 2021, haja ya walimu haitapungua. Shule zinazosomesha kwa lugha mbili nazo hutafuta walimu kutoka kwetu. Anayeajiri ataangalia matamshi ya mwombaji, na ni haki yake. Lakini mwombaji naye, kabla ya kutia sahihi, yampasa aulize mambo machache ambayo Mtoro hakupata nafasi ya kuyauliza: Je, nitatunga mitihani au nitasoma tu maswali yaliyotungwa na mwenzangu? Nitakaa katika baraza la walimu? Mshahara wangu utapimwa kwa elimu yangu au kwa nchi niliyotoka? Na nikiandika kitabu kwa ajili ya darasa langu, kitatoka kwa jina la nani?

Mwajiri mwenye nia njema atayajibu maswali hayo bila kukasirika. Asiyeweza kuyajibu hatafuti walimu wawili wa lugha mbili. Atafuta mwalimu mmoja na sauti ya kumsaidia. Na vyuo vyetu, vinavyowaandaa vijana hawa, visidhani kwamba kazi yao huisha kwa kuwafundisha ngeli na fasihi. Viwafundishe pia habari za Sleman, za Amur na za Mtoro, ili wajue kwamba wanakwenda katika njia yenye watangulizi, na kwamba watangulizi hao walikuwa wanazuoni.