Kufanya kazi na wenzako: mwajiri ataka kusikia nini?

Nimesoma barua nyingi za maombi ya kazi za vijana wetu wa Pwani, na karibu zote zina sentensi hii: “Naweza kufanya kazi vizuri na wenzangu.” Mwajiri huipita kama hakuiona. Si kwamba anadhani ni uongo, ila haimwambii kitu.

Hili hunisikitisha kwa sababu wengi wao wana ya kueleza. Chukua mashua ya tanga kule Lamu. Nahodha yuko kwenye usukani, mmoja ameshika kamba ya tanga, mwengine anafua maji, na wengine wamekaa kwenye ubao uliotokeza nje, upande upepo unakotoka, ili chombo kisilale. Mmoja akichelewa kuhama wakati wa kugeuza, huenda wote wakaishia majini. Kijana aliyeifanya kazi hiyo miaka mitatu ana ushahidi mkononi, lakini kwenye karatasi anaandika neno moja tu: “baharia”.

Au tazama Gazi, kaunti ya Kwale. Tangu 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni wanahifadhi hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na pesa za hewa ya ukaa zimesaidia maji na skuli za vijiji hivyo. Aliyeshiriki kazi kama hiyo asiandike “nilipanda miti”. Aseme walikuwa wangapi, yeye alikabidhiwa nini, na miche ilipokufa waliamua nini.

Kwenye mahojiano, swali linalowashinda wengi ni hili: “Tueleze siku uliyokosana na mwenzako kazini.” Usijibu kwamba hujapata kukosana na mtu, hakuna atakayekuamini (hata ndugu wa tumbo moja hugombana). Eleza tatizo, ulilofanya wewe, na lilivyokwisha. Uchunge na ulimi: anayesema “mimi” mwanzo mwisho huonekana mchoyo wa sifa, na anayesema “sisi” tu hajulikani alifanya nini.

Kama huna kikundi, tafuta chenye kazi ya kweli: timu ya mpira ya mtaani, usafi wa ufuo, kamati ya arusi. Kisha omba kazi isiyopendwa, kama kuweka hesabu za michango au kuandika yaliyosemwa mkutanoni. Huko ndiko utakapojifunza kumkumbusha mtu mzima ahadi yake bila kumvunjia heshima, na hilo, kwangu mimi, lashinda vyeti vingi vya semina ya siku moja.

Halafu muombe mwenyekiti au nahodha wako barua fupi yenye tarehe, jukumu lako na nambari yake ya simu. Muombe mapema, angali anakukumbuka, na umjulishe kabla hujaliweka jina lake kwenye maombi. Mwajiri akimpigia ghafla, naye akauliza “Nani huyo?”, barua yako yote imeharibika.