Darajani Pasipo Daraja

Kadi yenyewe tuliinunua kwa pauni mbili katika soko la Jumapili la vitu vikuukuu, ndani ya kasha la viatu lililojaa kadi za posta za kila pembe ya dunia. Picha yake ni ya rangi ya kahawia. Maji ni machache na tope ni jingi. Mashua tatu zimelala ubavu. Katikati kuna daraja fupi. Kulia zimepangana nyumba ndefu za mawe, kushoto vibanda vya makuti vimebanana mpaka ukingoni. Nyuma ya nyumba za mawe unachomoza mnara mmoja wenye ncha. Maelezo yaliyochapwa chini, kwa Kiingereza, yanasema kuwa hapo ni Mombasa.

Tuliipeleka kwenye mkutano wa klabu kwa sababu ilikuwa zamu yetu kuleta kitu cha kuzungumzia, basi. Hatukutarajia kuwa ingetuchukua muhula mzima.

Waliokataa kwanza ni wenzetu wawili waliokulia Mombasa. Mji wa Kale wa Mombasa, walisema, unatazama maji ya kina, maji ya kupita majahazi. Hayakauki yakaacha tope toka ukingo mpaka ukingo. Na ng'ambo ya Mji wa Kale ni Nyali, ambako daraja la kwanza, lile la kuelea, lilijengwa 1931. Kadi yetu ni ya zamani zaidi ya hapo. Tulijuaje? Kwa kuigeuza. Kadi za mwanzo upande wa nyuma zilikuwa za anwani peke yake, na mwenye salamu aliziandika pembeni mwa picha. Mstari wa kuugawa upande huo mara mbili, nusu salamu na nusu anwani, uliruhusiwa Uingereza 1902, Ujerumani 1905 na Marekani 1907. Kadi yetu haina mstari. Stempu ilishabanduliwa na mkusanyaji fulani, ikaondoka na sehemu kubwa ya mhuri, kwa hiyo mstari usiokuwepo ndio ulikuwa ushahidi wetu mkubwa wa tarehe. Lakini ushahidi huo ni wa kadi, si wa picha. Wachapaji walikuwa wakitumia sahani ileile ya kioo miaka na miaka, na picha ya 1890 ingeweza kuuzwa kama kadi mpya miaka kumi na tano baadaye.

Tukahamia Unguja, na hapo tukakosea vizuri sana. Tuliuona mnara tukasema: Beit al-Ajaib! Mmoja wetu hata aliandika aya mbili za makala hii akiwa na uhakika huo, na inafaa tueleze alikuwa akifikiri nini, kwa sababu mnara ule ni saa nzuri ya kupimia picha za Unguja. Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na jengo halikuwa na mnara. Mnara wa taa na saa ulisimama peke yake mbele yake, ufukweni. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikaipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, mnara ukaharibika, na jengo lilipotengenezwa upya likapewa mnara wake lenyewe. Kwa hiyo ukiona mnara umejitenga, picha ni ya kabla ya mizinga. Ukiuona umesimama juu ya jengo, ni ya baada yake. Na ukiona milingoti mitatu imechomoza majini mbele ya mji, hiyo ni meli ya Sultani, Glasgow, iliyozamishwa siku ileile. Milingoti ilibaki pale mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Mnara huo wa pili nao haupo tena: uliporomoka pamoja na sehemu ya mbele ya jengo tarehe 25 Desemba 2020.

Yote hayo ni kweli, na hayana uhusiano wowote na kadi yetu. Beit al-Ajaib inatazama bahari wazi. Ng'ambo ya maji yake hakuna vibanda vya makuti. Tuliliona hilo tokea siku ya kwanza, lakini tulikwisha kulipenda jibu letu.

Mwenzetu mmoja kutoka Maskati ndiye aliyempigia simu bibi yake. Bibi alizaliwa Unguja, akaondoka msichana mwaka 1964, na Kiswahili chake hakijaondoka. Tulimtumia picha, kisha tukamweka kwenye spika, sote tukamshikamoo kwa pamoja. Akaitikia marahaba, akauliza tumekula nini huko kwenye baridi, ndipo akaitazama.

"Mombasa wapi, wanangu? Hapo Darajani."

Tukamwuliza kuhusu mnara. "Huo wa kanisa la Mkunazini. Hamuoni una ncha? Na wa Minara Miwili ni miwili, hesabuni."

Tukahesabu. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lina mnara mmoja wenye ncha. Lile la Kikatoliki, la Mtakatifu Yosefu, lina miwili. Tulipofungua ramani kila kitu kikakaa mahali pake. Mpiga picha alisimama kaskazini ya daraja akitazama kusini. Mji Mkongwe uko kulia kwake, Ng'ambo kushoto, na Mkunazini pale mbele upande wa kulia, kama picha inavyoonyesha.

Kilichotuuma ni hiki. Sisi ni klabu ya Kiswahili. Majina hayo tumeyatamka mara elfu. Darajani leo ni soko na barabara pana; daraja hakuna. Ng'ambo ni ng'ambo ya nini, kama hakuna maji ya kuvuka? Funguni kuna fungu gani? Kisiwandui ni mtaa ulio nchi kavu, na jina lake bado linasema kisiwa. Hori lile la bahari lililokuwa likijaa na kupwa nyuma ya mji, hata Mji Mkongwe ukawa karibu kuwa kisiwa, lilifukiwa kipande kwa kipande, na kipande cha mwisho, upande wa kaskazini, kilifukiwa katika miaka ya 1950. Juu yake ikapita barabara ambayo Waingereza waliiita Creek Road na leo ina jina la Benjamin Mkapa. Maji yalikwenda, majina yakabaki, nasi tulikuwa tunatafuta mahali hapo kwa lenzi na tarehe za stempu.

Bibi mwenyewe hakuliona daraja lile. Alikikuta kipande cha Funguni tu, na anakumbuka kuvuka tope kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, viatu mkononi, akikatazwa na mama yake kila siku. Upande wa kulia wa picha haukumshughulisha. Alitaka tukuze upande wa kushoto, wa vibanda, kwa sababu mama yake alizaliwa huko. Tukakuza mpaka picha ikawa madoadoa. Upande huo ndio ambao kadi za zamani hazina jina lake. Tumepitia picha nyingi za Unguja katika mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na unaweza kuzitazama mtandaoni bila kulipa. Katika picha za namna hii kasri zina majina, balozi zina majina, na Ng'ambo mara nyingi ni "vibanda vya wenyeji" tu. Sehemu kubwa ya mitaa hiyo ilibomolewa baada ya Mapinduzi ili kupisha barabara na majumba marefu ya Michenzani, kwa hiyo mtu hawezi tena kwenda na picha mkononi akalinganisha ukuta kwa ukuta. Panatakiwa mtu wa kusema: hapa alikaa fulani.

Simu ilikatika mara mbili, bibi akachoka. Wiki iliyofuata tulimpelekea nakala kubwa kwa mkono wa mjukuu wake aliyekuwa akienda likizo. Kabla ya kuifunga tuliuliza tuandike nini nyuma, akatuandikisha neno kwa neno: "Darajani, maji yamekupwa. Kushoto kwetu."