Mashairi Mia kwa Maelezo ya Yaya

Mnamo mwaka 1835, Katsushika Hokusai, mchoraji wa jiji la Edo ambalo leo ni Tokyo, akiwa amekwisha kutimiza miaka 70 na ushei, alianza mfululizo wa picha za chapa uliotokana na diwani ambayo Wajapani wengi waliihifadhi kwa ghibu, nayo ni mashairi mia ya washairi mia yanayoaminika kukusanywa na Fujiwara no Teika katika karne ya 13. Kila shairi ni tanka, yaani utungo wa vipande vitano wenye mizani 31.

Kazi ya kuyafasiri hakupewa mwanazuoni. Jina la mfululizo, *Hyakunin isshu uba ga etoki*, linamtaja yaya mzee kuwa ndiye anayeyaeleza mashairi hayo kwa picha, na hapo ndipo ulipo uzuri wa kazi nzima, kwa kuwa watu wa kasri ya mfalme waliotunga wanawapisha wakulima, wavuvi na wasafiri. Shairi la Kakinomoto no Hitomaro linaufananisha usiku wa mtu alalaye peke yake na mkia mrefu wa ndege wa milimani wa jamii ya kwale; Hokusai hakumchora ndege huyo, bali alichora wavuvi wakikokota wavu kwa kamba, huku moshi wa moto wao ukipanda na kujipinda mithili ya mkia ule.

Ili chapa ipatikane, mchoro wa wino kwenye karatasi nyembamba ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha mchongaji akapitisha kisu katika karatasi na mti kwa pamoja, akiacha mistari peke yake imeinuka, na baadaye kila rangi ikachongewa ubao wake. Mchoro wenyewe uliangamia papo hapo.

Nishimuraya Yohachi, yuleyule aliyechapisha picha mashuhuri za Hokusai za mlima Fuji, ndiye aliyeianzisha kazi hii, na Iseya Sanjiro akaipokea baada yake. Lakini nchi ilikuwa imekumbwa na njaa kuu ya miaka ya Tenpo, na picha zinazojulikana kuchapishwa kwa rangi ni 27 tu. Makumi ya michoro mingine haikumfikia mchongaji, na ndiyo sababu ipo hadi leo, baadhi yake katika jumba la sanaa la Freer huko Washington, ikiwa bado na wino wake mweusi juu ya karatasi ambayo ilikusudiwa kukatwakatwa.