Bloknoti ya breli: fishiye ya masomo ikikataa kusomeka

Bloknoti ya breli ni mashini ndogo ambayo mwanafunzi kipofu anabeba shuleni pahali pa daftari. Iko na vibonyezo vya kuandikia nukta, na mstari wa nukta zinazopanda na kushuka chini ya vidole ili asome. Zingine, sawa Orbit Reader 20, ziko na seli 20 tu na zinaweka kazi yote kwenye karte SD. Zingine, sawa BrailleNote Touch, zinakaribia kuwa ordinatere kamili.

Shida yenye kurudi mara nyingi ni hii: mtoto anaandika devuare mangaribi, asubuhi mwalimu anaifungua kwa ordinatere na kuona alama zisizo na maana. Mwalimu asiyejua breli atafikiri mtoto alicheza, na sifuri inaandikwa. Kumbe kazi iko nzima. Kwa hiyo, mbele ya kufuta ao kuandika upya, inafaa kutafuta wapi imekwama.

Kwanza angalia herufi za mwisho za jina la fishiye. Ikiishia na brf, ndani yake hamuna Kifaransa cha kawaida. Muko breli iliyowekwa kwa herufi na alama za klavye. Neno "élève" litaonekana hivi: =l!ve. Hii si uharibifu. Alama = ni é, alama ! ni è, alama & ni ç, na ( ni à. Kama mtoto ameandika breli kamili, bila vifupisho, mwalimu mwenye haraka anaweza kusoma hivyo hivyo na kusahihisha. Kama ametumia vifupisho, hapo itaomba programu ya kutafsiri. NatBraille, iliyotengenezwa Ufaransa kwa breli ya Kifaransa, ni ya bure.

Kuna hali ingine inayodanganya zaidi: fishiye ni ya Word, lakini "élève" imekuwa "forltheve". Hapo mashini imepangwa kwa breli ya Kiingereza yenye vifupisho. Nukta zote sita, ambazo kwa Kifaransa ni é, kwa Kiingereza ni neno "for"; nukta za è ni "the". Mashini iliyotoka inchi ya Kiingereza inaweza kufika namna hiyo, na hakuna mtu anaangalia. Kiswahili hakina é wala è, njo maana devuare ya Kiswahili inapita vizuri na ya Kifaransa inaharibika. Dawa ni kuingia katika mipangilio, kuchagua breli ya Kifaransa, kisha kujaribu na sentensi moja mbele ya kazi yote.

Fishiye ya txt nayo iko na ugonjwa wake. Pahali pa é unaona Ã©. Herufi zimehifadhiwa kwa mfumo mmoja, zimesomwa kwa mwingine. Ifungue kwa ordinatere, chagua UTF-8, hifadhi kopi mpya.

Upande wa mwalimu pia kuna makosa. Anapiga kitabu picha kwa telefone, anafanya PDF, anatuma. Mtoto anafungua, vidole havipati kitu, juu picha haina maandishi ndani. Kuijua ni rahisi: kwa ordinatere, jaribu kuchagua neno moja kwa mausi. Likikataa, ni picha. Mwalimu atume fishiye ya Word aliyoandikia. Na Orbit Reader 20 ya kwanza haitafsiri yenyewe: hata hiyo ya Word lazima igeuzwe kuwa brf kwa ordinatere mbele ya kuingia kwenye karte.

Kuhusu karte: Orbit Reader 20 inapokea karte hadi GB 32, iliyopangwa kwa FAT32. Karte kubwa zaidi kwa kawaida zinauzwa na mpango wa exFAT, na mashini inaweza kuona kama haina kitu. Ordinatere ikiuliza kama ifanye "formater", jibu hapana, toa kwanza kopi ya kila kitu. Formater inafuta. Na usichomoe karte wakati mashini ingali inahifadhi. Mwenye kuishi kwenye kartie yenye umeme wa kukatika-katika afunge fishiye mbele batri haijaisha.

Kama saa ya kurudisha kazi imefika na bado hakuna suluhisho, mwanafunzi anaweza kufungua fishiye kwenye mashini yake mwenyewe, kusoma kwa vidole na kwa sauti, mwalimu akisikiliza na kuandika poin palepale. Kopi ya Word itakuja kesho yake.