Kalamu haikuchongwa kwa ajili ya mashoto

Msimamizi wa mtihani anaweza kumtambua mashoto bila hata kumwona akiandika. Amtazame kiganja tu. Ubavu wake, kuanzia kidole cha mwisho hadi kwenye kifundo, umejaa wino wa buluu, na karatasi yenyewe ina ukungu wa maneno yaliyokokotwa kabla hayajakauka. Anayeandika kwa kulia huivuta kalamu na kuyaacha maneno nyuma ya mkono wake. Mashoto huisukuma, na mkono unapita juu ya kile alichokiandika sasa hivi. Wengine hukwepa kwa kukunja kifundo kama ndoana ili mkono utokee juu ya mstari. Baada ya saa mbili za insha, bega ndilo linalolipa.

Kila Agosti 13 watu hawa huwa na siku yao duniani. Iliasisiwa mwaka 1976 na Dean Campbell, Mmarekani aliyekuwa ameanzisha chama cha mashoto. Tarehe haikuokotwa: ilikuwa Ijumaa ya tarehe 13, ambayo Wazungu wengi huihesabu kuwa ya mkosi, na Campbell alikusudia kuwakejeli wanaouhusisha mkono wa kushoto na nuksi. Si watu wachache. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, ukijumlisha tafiti zilizowahusu watu zaidi ya milioni 2, ulikadiria kuwa mashoto ni asilimia 10.6 ya binadamu. Katika darasa la wanafunzi 60, hao ni sita hivi.

Kwetu lugha yenyewe iliamua kesi zamani. Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Jina lake jingine ni mkono wa kuume, na mwenzake akaitwa mkono wa kike. Anayepokea kitu kwa kushoto mbele ya wakubwa huulizwa amelelewa na nani. Mtoto aliyekua akiyasikia hayo hakuhitaji kuambiwa kalamu ishikwe na mkono upi.

Kuna kichekesho hapa ambacho wachache hukiona. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zinazotoka kulia kwenda kushoto. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana, za mwaka 1711 kutoka Kilwa, zilizohifadhiwa Goa, ziliandikwa hivyo. Kwa mwandiko huo, mwenye mkono wa kulia ndiye anayepita juu ya wino wake, hivyo hulazimika kuuweka mkono chini ya mstari. Mashoto angeandika bila doa. Lakini kwenye chuo cha Kurani, mkono uliotengewa mambo safi ulikuwa wa kulia, na kalamu ikabaki huko. Zilipokuja herufi za Kilatini kupitia shule za misheni na za serikali, mwelekeo ukageuka, na nafuu ambayo mashoto hakuwahi kuionja ikatoweka.

Ulaya nako hakukuwa na pepo. Kalamu za manyoya zilipendelewa zile za bawa la kushoto la bata bukini, kwa sababu mpindo wake unakaa vizuri kwenye mkono wa kulia. Katika karne ya 19 ikaja nibu ya chuma, iliyotengenezwa kwa wingi Birmingham. Nibu ile imepasuliwa katikati ili ivutwe. Ukiisukuma inachimba karatasi na kurusha wino. Shule zikafunguliwa kwa kila mtoto, mwandiko mzuri ukawa somo, na fimbo ikapata kazi.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi ambao Chris McManus, profesa wa London aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu mikono hii miwili mwaka 2002, anausimulia, na unafaa kusimuliwa tena hapa kwa sababu mmoja wa wahusika wake amezikwa Kenya.

Mwaka 1903 mwalimu mmoja aitwaye John Jackson alianzisha London chama cha kuhimiza watu watumie mikono yote miwili sawasawa. Jackson alikuwa mtu wa kampeni. Kabla ya hapo alikuwa amepigania mwandiko uliosimama wima badala ya ule wa kulala. Sasa alitaka watoto wafundishwe kuandika kwa kulia na kwa kushoto. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 alikwenda mbali zaidi: alitabiri kwamba mtu angeweza kuandika barua kwa mkono mmoja huku mwingine ukipiga piano, bila akili kuyumba. Utangulizi wa kitabu hicho uliandikwa na Robert Baden-Powell, jenerali aliyepata sifa katika vita vya Makaburu, ambaye aliona kuwa askari anayetumia mikono yote miwili ni askari kamili. Akaweka sahihi mbili: moja kwa kulia, nyingine kwa kushoto.

Wakubwa wa udaktari hawakufurahishwa. Mwaka 1907 Sir James Crichton-Browne, bingwa wa magonjwa ya akili aliyewahi kuandikiana barua na Charles Darwin, alisimama mbele ya wasomi wa London na kulirarua wazo hilo. Kutumia kulia, alisema, kumefumwa ndani ya ubongo. Anayetaka kuiondoa tabia hiyo itambidi aufumue ubongo wenyewe. Kisha akatoka kwenye sayansi na kuingia kwenye kejeli: baadhi ya wafuasi wa jambo hili, alidai, ndio hao hao wasiokula nyama, wasiovaa kofia na wanaopinga chanjo.

Chama kikafifia. Jackson amesahauliwa. Baden-Powell yeye aliendelea, akaanzisha skauti, na maskauti wa dunia nzima mpaka leo husalimiana kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo bibi yeyote wa Pwani angelikemea. Mwaka 1938 alihamia Nyeri, akafariki huko Januari 1941.

Ukiusoma ugomvi ule kwa makini, kuna mtu mmoja hayumo: mashoto mwenyewe. Jackson alikuwa akiwatetea wenye kulia waongezewe mkono wa pili. Crichton-Browne alikuwa akiwalinda wenye kulia wasivurugwe. Mtoto aliyekuwa akichapwa vidole kwa kushika kalamu vibaya hakuwa hoja ya yeyote.

Aliyemkaribia zaidi ni Philip Ballard, mkaguzi wa shule wa London, ambaye mwaka 1912 alichapisha matokeo yanayohusisha kuwabadilisha watoto mkono na kigugumizi. Wataalamu waliofuata walibishana naye sana. Hata hivyo mfano maarufu kuliko yote ulikuwa unakua Uingereza kwenyewe: mwana wa mfalme aliyelazimishwa kuandika kwa kulia na akawa na kigugumizi, ambaye baadaye alitawala kama George VI. Kama jambo moja lilisababisha jingine, hakuna wa kuapa. Kwenye tenisi hawakumwingilia. Mwaka 1926 alicheza Wimbledon, raketi ikiwa mkono wa kushoto.

Nafuu halisi haikutoka kwa mwalimu wala daktari. Ilitoka kwa László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, ambaye mwaka 1938 alisajili kalamu yenye kigololo kinachobingirika. Kigololo hakijali kusukumwa au kuvutwa. Mwaka 1950 Wafaransa wakaitoa Bic kwa bei ya chini, na jina la Bíró limebaki midomoni mwa Wakenya: biro. Hakuna aliyewafikiria mashoto katika hayo yote. Waliokota tu kilichodondoka.

Tangu hapo fimbo imepungua, na mwaka 2009 dunia ilimwona mwana wa Mluo wa Kogelo akitia sahihi hati zake za kwanza za urais wa Marekani kwa mkono wa kushoto. Samani haijasikia habari hizo. Viti vya kumbi za mihadhara bado vina kibao cha kuandikia upande wa kulia, na mashoto hujipinda kiuno mihula yote. Daftari la waya linamchoma kifundo. Kwenye dawati la watoto watatu, kiwiko chake cha kushoto kinagongana na kiwiko cha kulia cha jirani, kisha anaambiwa aache utundu.

Dawa yake haihitaji bajeti. Mtoto akalishwe mwisho wa dawati upande wa kushoto, akae huru. Karatasi ilazwe, kona yake ya juu ya kushoto ikipanda kuliko ile ya kulia, ili mkono ubaki chini ya mstari. Kalamu aishike juu kidogo, mbali na ncha, aone anachoandika. Mwalimu anahitaji dakika tano za kumwonyesha, tena siku za mwanzo za darasa la kwanza, kabla kifundo hakijazoea ndoana.