Snoubodi: jinsi fundi anavyotengeneza kwa mkono ubao wa kutelezea thelujini

Snoubodi ni ubao mmoja ambao mtu husimama juu yake kwa miguu yote miwili, viatu vikiwa vimefungwa kwa mikanda, kisha huteremka mlima wenye theluji huku ubavu wake ukitangulia. Katika Olimpiki ya majira ya baridi mchezo huu umekuwepo tangu 1998, huko Nagano, Japani. Wengi wetu huku tunauona kwenye televisheni tu. Lakini msikilizaji wetu aliye seremala, au anayeunda boti za faiba kule pwani, akiingia kwenye karakana inayotengeneza mbao hizi atatambua nusu ya vitu vilivyomo.

Asili yake ni Marekani. Siku ya Krismasi mwaka 1965, mhandisi Sherman Poppen wa Muskegon, jimbo la Michigan, aliunganisha skii mbili ubavu kwa ubavu ili binti zake wateleze wakiwa wamesimama. Mkewe, Nancy, akakiita chombo hicho Snurfer. Miaka 12 baadaye, Jake Burton Carpenter alianza kutengeneza mbao za majaribio, moja baada ya nyingine, huko Londonderry, Vermont. Kampuni aliyoiacha leo ni kubwa sana. Hata hivyo karakana ndogo hazijafa, kwa sababu kiwanda hutengeneza ubao wa mtu wa wastani, na si kila mtu ni wa wastani.

Kwa hiyo fundi huanza kwa kumpima mteja, kama fundi cherehani. Huuliza uzito, urefu, saizi ya kiatu na aina ya milima anayoipenda. Saizi ya kiatu si swali la adabu tu. Katikati ubao huwa na upana wa sentimita 25 hivi, na mtu mwenye mguu mkubwa akipewa ubao mwembamba, vidole vyake hukwaruza theluji anapokata kona. Hapo huanguka, tena akiwa katika mwendo.

Kisha kuna kiini, yaani mbao iliyo ndani. Hakitolewi kwenye pande moja la mti. Fundi hupasua vipande vyembamba vya mbao nyepesi kama popla, au mwanzi, akaviunganisha kwa gundi ubavu kwa ubavu. Halafu hupiga randa: katikati huacha milimita 7 au 8, na kwenye ncha milimita 2 hivi. Hapa ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Mbao ikiongezwa unene kutoka milimita 7 hadi 8, ugumu wake wa kupinda hupanda kwa karibu nusu. Milimita moja tu! Mtu mwepesi akipewa ubao huo atahangaika nao siku nzima.

Tabaka la chini kabisa ni plastiki ya polietilini, ndugu wa ile ya madumu yetu ya maji. Yeyote aliyewahi kujaribu kuziba dumu lililopasuka kwa gundi anajua tatizo lake: haishiki. Ndiyo maana upande wa ndani wa plastiki hiyo hukwaruzwa na kupitishiwa moto kidogo kabla ya kugusana na gundi. Pembeni huzungushwa ukingo wa chuma, ambao ndio unaouma barafu wakati wa kukata kona. Juu ya chuma hicho huwekwa utepe mwembamba wa mpira, kwa kuwa chuma na vitu vinavyokizunguka havitanuki wala kusinyaa sawasawa, na bila mpira gundi ingeachia. Hufuata kitambaa cha faiba kilicholoweshwa epoksi, kiini, faiba tena, na mwisho karatasi ya juu yenye picha aliyochagua mteja. Matundu ya skrubu za kufungia mikanda huwa yameshawekwa ndani ya kiini.

Epoksi ikishachanganywa, saa inakimbia. Vipimo vyake hupimwa kwa mizani, si kwa kukadiria, na fundi huvaa glavu na barakoa ya kuchuja mvuke, kwa sababu epoksi huweza kumletea mtu mzio wa ngozi usiomtoka.

Mashine ya kubana mafundi wengi hujiundia wenyewe: nguzo nene za chuma, kalibu yenye mpindo wa ubao, na mpira wa zimamoto unaojazwa upepo. Upepo wa 40, zaidi kidogo tu ya tairi la gari dogo, unaonekana si kitu. Lakini ukienea juu ya ubao mzima hugeuka mgandamizo wa karibu tani 11. Nguzo zikiunganishwa vibaya, chuma kinaweza kumrukia mtu. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu ambayo haifai kujifunzwa kwa kubahatisha.

Epoksi ikikauka, ubao hutolewa, ziada hukatwa kwa msumeno, kingo hupigwa msasa na plastiki ya chini hupakwa nta. Kabla ya kumkabidhi mteja, fundi huugonga kwa kidole kutoka ncha hadi ncha. Sauti ikibadilika na kuwa ya uvungu, kuna mahali gundi haikushika, na ubao huo hauendi mlimani.