Mshono Huria Unahitaji Karatasi na Ruhusa

Kwa mafundi cherehani wa Mwanjelwa jijini Mbeya, na wenzao wa Iringa mjini, mteja wa siku hizi huja na picha ya gauni kwenye simu. Fundi huitazama, huchukua futikamba, na kazi huanza. Wapo wanaosema huo tayari ni ubunifu wa mavazi wa chanzo wazi, kwa kuwa mtindo wa mbunifu mashuhuri umeshafika mikononi mwa kila mtu. Mimi naona huko ni kuiga tu, na kwamba istilahi ninayoipendekeza, mshono huria, idai zaidi ya hapo. Programu ya kompyuta haiitwi huria kwa sababu tunaiona kwenye kioo. Huitwa hivyo pale maandishi yaliyoiunda yanapotolewa pamoja na ruhusa ya kuyasoma, kuyabadili na kuyasambaza. Kwenye nguo, kinachosimama mahali pa maandishi hayo ni karatasi ya kukatia: umbo la kila kipande, nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mshono, alama za kuunganishia, jedwali la vipimo na utaratibu wa kushona. Picha haionyeshi bitana wala namna mkono ulivyochongwa kwapani ili bega lisivute. Fundi hodari atabuni yote hayo, na ustadi wake unastahili heshima. Ila akikosea, kitenge cha mteja kimeharibika, na akipatia, ujuzi unabaki kichwani mwake.

Mwaka 2020 watu wengi walihangaika kufuma, kwa kutazama picha tu, sweta ya viraka ya kampuni ya mavazi ya JW Anderson aliyoivaa mwanamuziki Harry Styles, mpaka kampuni yenyewe ikatoa maelekezo ya kuifuma bila malipo. Hiyo ni hatua kubwa, lakini kitu cha bure si lazima kiwe huria, wala kilicho huria si lazima kiwe cha bure. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinatoza ada na jina lake halimsumbui mtu, kwa sababu huria hapo ni mlango uliofunguliwa kwa wengi. Mradi wa FreeSewing unakaribia zaidi maana ninayoitaka: unachora karatasi kwa vipimo vya mtu mmoja mmoja, na programu yake inaruhusiwa kubadilishwa na yeyote.

Kuna hoja kwamba hakuna haja ya ruhusa, kwa kuwa mtindo hauna mwenyewe. Ni kweli kwamba kaunda suti imeshonwa kote Afrika Mashariki bila fundi kuomba kibali Zambia. Lakini mtindo ni wazo, na karatasi ni mchoro. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda michoro bila mchoraji kulazimika kuisajili. Asipoandika ruhusa, mwenye kunakili anabaki na mashaka, hata kama mchoraji mwenyewe ana moyo mkunjufu.

Hoja nzito zaidi ni ya riziki. Karakana kama Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 na kuajiri watu wenye ulemavu, inaishi kwa kazi ya mikono yake. Je, ikitoa michoro haitajinyang'anya wateja? Hailazimiki kutoa kila kitu, na wala isishinikizwe. Hata ikitoa, jina lake linaweza kulindwa kwa alama ya biashara, na ubora wa mkono haumo kwenye karatasi. Hapohapo ndipo mpaka wa kufuata mtindo wa mbunifu mwingine ulipo: chukua mkato, usibandike lebo yake.

Walimu wa ushonaji wa Mbeya na Iringa waanze na sketi ya shule ya marinda, ambayo kila fundi huishona na kila mzazi huinunua. Waichore kwa saizi zote, na pembeni mwa karatasi waandike jina la mchoraji, mwaka, na sentensi moja: inaruhusiwa kunakili, kubadili na kuuza kilichoshonwa.